Jina Moja, Maumbo Mengi: Pengo la Kimya katika Maktaba ya Chipu za AVR

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza hali ambapo lugha ya programu ina kanuni ya kisarufi, lakini maktaba inayotumiwa nayo haina maumbo yote yanayodaiwa na kanuni hiyo. Mfano wetu ni fankisheni abs ya lugha ya C++, ambayo hutoa ukubwa wa namba bila kujali alama yake.

2.0 Kanuni na Pengo

Kiwango cha C++ cha mwaka 1998 kinalipa jina abs maumbo kadhaa: ya namba kamili, ya namba kamili ndefu na ya desimali. Kompaila huteua umbo kwa kuangalia aina ya namba iliyopewa. Uteuzi huu unakaribiana na upatanisho wa kisarufi katika Kiswahili, ambapo mzizi -zuri hutoa mzuri, kizuri au vizuri kutegemea ngeli ya nomino.

Chipu za AVR, kama ATmega328P iliyomo katika Arduino Uno, hutumia maktaba ya avr-libc, ambayo ni ya lugha ya C. Humo abs ina umbo moja tu, la namba kamili. Nayo namba kamili katika AVR ina biti 16, yaani kutoka -32,768 hadi 32,767.

3.0 Athari

Pengo hili hujitokeza kwa namna mbili. Mwandishi akitumia std::abs, kompaila hukataa, na kosa hujulikana mapema. Akitumia abs pekee, kompaila hukubali, kisha huigeuza namba ilingane na umbo lililopo. Hivyo -2.7 huleta 2, na namba ndefu -70,000 huleta 4,464. Tuchukulie mtambo ulioagizwa usimame tofauti ya vipimo izidipo 50,000: mtambo huo hautasimama. Msemaji wa Kiswahili asikiapo *kitabu mzuri hushtuka papo hapo, kompaila haishtuki.

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba pengo linalonyamaza ni la hatari kuliko linalolalamika. Kwa hiyo, mwandishi wa programu za AVR hana budi kutumia labs kwa namba ndefu na fabs kwa desimali, au kuyaandika mwenyewe maumbo yaliyokosekana. Aidha, inafaa aiamuru kompaila, kwa -Wconversion, itoe onyo kila inapogeuza namba kwa namna inayoweza kubadili thamani yake.