Somo: Siku Moja Katika Bustani ya Watoto, Nchi ya Chai

Ndugu msomaji, wengi wetu watu wa pwani twadhani kuwa mtoto wa miaka minne hana la kujifunza ila herufi na hesabu, na kuwa saa anayocheza ni saa iliyopotea. Katika somo hili twataka kuonyesha kosa la dhana hiyo, kwa kueleza tuliyoyaona kwa macho yetu katika darasa moja la watoto wadogo huko Kericho.

Kericho na jirani yake Bomet ni nchi ya vilima, baridi na mvua nyingi. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yalianza kupanda huko mashamba makubwa ya chai, na wafanyakazi wakaja kutoka pande mbalimbali. Ndiyo sababu tuliwakuta watoto wa Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii na Waluhya wamekaa mkeka mmoja. Masomo ya awali nchini Kenya ni ya miaka 2, kwa watoto wa miaka 4 na 5, na kwa Katiba ya mwaka 2010 yamo mikononi mwa serikali za kaunti. Mtoto hutakiwa afunzwe kwa lugha ya nyumbani kwao, au kwa lugha inayotumika mahali pale.

Asubuhi mwalimu alisimama mlangoni akimpokea kila mtoto kwa jina lake. Walipokaa duara aliwauliza, "Nje kukoje leo?" Kila mmoja akajibu kwa lugha ya mamake, kisha wote wakasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kinachowakusanya. Mtoto mmoja wa Kikipsigis akahesabu: agenge, aeng, somok, ang'wan, mut. Wenzake wakamfuata huku wakicheka, kisha wakahesabu moja mpaka tano.

Baadaye mwalimu aliwamwagia majani mabichi ya chai, akawaambia wayapange mafungu, kila fungu majani mawili na chipukizi moja, kama wachumavyo wazazi wao. Mtoto mmoja akaweka majani matatu. Mwalimu hakumkemea. Alimwambia, "Weka fungu lako karibu na la mwenzako, uyatazame yote mawili." Yule mtoto akatazama kitambo kirefu, kisha akaondoa jani moja kwa mkono wake mwenyewe. Basi jambo alilolivumbua mtu kwa jicho lake halisahau kama alivyosahau aliloambiwa.

Baada ya uji wakacheza. Mmoja alijifanya karani wa mizani, wengine wakamletea vikapu vya vizibo vya chupa. Mara ukazuka ugomvi: "Umeniandikia tano, na mimi nimeleta saba!" Wakavimwaga vizibo chini, wakahesabu upya, na karani akakubali kuwa amekosa. Mwalimu alikuwa akiwatazama tu. Je, ni loho gani ingaliweza kuwafunza kwa siku moja faida ya hesabu, na kuwa haki huthibitishwa kwa ushahidi wala si kwa makelele?

Adhuhuri mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe, akasema, "Mwalimu, mtoto wangu yuko hapa miezi mitano, na daftari yake ni tupu. Wa jirani anaandika mpaka kumi." Mwalimu akamjibu, "Mama, alipokuja hakuwa anasema na mtu. Leo amedai haki yake kwa hesabu. Daftari itajaa, usimharakishe."

Skuli ya namna hii iliitwa bustani ya watoto na Mjerumani Friedrich Fröbel mwaka 1840, na mkulima wa chai aijua maana ya jina hilo. Hukata kijiti chenye jani moja, akakitia katika mfuko wa udongo, akakitilia kivuli kisiunguzwe na jua. Hukaa kitaluni miezi mingi kikitoa mizizi, wala hapana mwenye akili akidaiye chai siku hizo.

Huenda mtu akasema: "Sisi tulifunzwa kwa bakora, na tukasoma." Jawabu yake ni kuwa waliosoma ndio waliobaki kusema hayo, waliokimbia kwa khofu hawapo hapa wakasikiwa. Ibn Khaldun, katika Mukaddima aliyoiandika mwaka 1377, alikwisha kuonya kuwa ukali humwondolea mtoto uchangamfu na kumfunza uongo na hila. Na sheria ya elimu ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi.

Nami sijitoi katika lawama hii. Zamani nilimpiga mtoto wa miaka mitano kwa kuwa hakuweza kuandika jim, na vidole vyake vilikuwa bado havijapata nguvu. Hakurudi tena chuoni. Leo ni mtu mzima, na tukikutana njiani huvuka upande wa pili.

Wala mtu asiseme kuwa mambo haya ni ya bara tu. Mombasa, tangu mwaka 1986, pamekuwako madrasa za watoto wadogo zinazochanganya mafunzo ya dini na kujifunza kwa mchezo, na mpango huo umefika Unguja na Uganda.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tuseme na watoto wetu kwa lugha yetu, tusione haya. Pili, tuwape vitu vya kushika na kuhesabu. Kokwa za tende na makombe ya pwani hayanunuliwi. Tatu, mtoto arudipo tusimwulize, "Umeandika nini?" Tumwulize, "Umeona nini leo?" kisha tukae tumsikilize mpaka amalize. Na Mwenyezi Mungu ndiye wa kutuwafikisha.