Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Kaunta ya Duka la Dola

Baba alikuwa na duka Korogwe: chumba kimoja, mizani ya mawe, na daftari la madeni lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwa hiyo nilipokwenda Marekani kuishi na dada yangu katika mji wa Bowling Green, jimbo la Kentucky, nikapata kazi ya ukeshia kwenye duka la bei nafuu huko vijijini, nilijiona mzoefu. Kampuni iliyonipa mshahara sitaitaja. Maduka ya aina hiyo yamejaa barabara zote za kule, na kazi ni ileile.

1. Urahisi wa bei uko kwenye pakiti, si kwenye bidhaa.

Miezi miwili ya kwanza nilinunua sabuni ya kufulia palepale kazini, chupa ndogo ya dola moja na senti kadhaa, nikifurahi kwamba nabana matumizi. Mwenzangu wa zamu alikuwa mama Mkongo wa Uvira, aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuhamishiwa Marekani. Bowling Green ina Wakongo wengi, na Kiswahili hukisikia hadi kwenye foleni ya benki. Siku moja alinitazama nikilipa, akasema, "Mdogo wangu, umenunua chupa, hukununua sabuni." Nikapiga hesabu. Kwa chupa zangu zote, ningepata dumu kubwa kwenye supamaketi ya mjini na chenji ikabaki.

Nilipaswa kulijua hilo tangu utotoni. Mafuta ya kupimiwa kwa kikombe ndiyo yaliyotulipia ada, na kwa hesabu ya lita, aliyepimiwa alilipa zaidi ya aliyebeba dumu. Tofauti ni kwamba baba alipima mbele ya macho ya mteja. Kule kiwanda ndicho kinachopima: kampuni inaagiza pakiti ndogo, na mteja anasoma bei bila kusoma uzito. Wala simlaumu mteja. Mwenye dola nne hadi Ijumaa ya mshahara hawezi kununua kitu cha dola tisa, hata umwonyeshe hesabu ubaoni.

2. Kinachouzwa ni ukaribu.

Mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Bowling Green kuna mji mdogo wa Scottsville. Hapo ndipo mwaka 1939 J.L. Turner na mwanawe Cal walipoweka dola 5,000 kila mmoja na kufungua biashara ya jumla. Mzee huyo aliacha shule darasa la tatu. Baadaye waliingia kwenye rejareja, na tarehe 1 Juni 1955 wakafungua duka la kwanza la Dollar General katika mji wa Springfield, Kentucky, lisilouza kitu chochote zaidi ya dola moja. Sharti hilo la bei lilikwisha kufa zamani. Jina ndilo lililobaki.

Kilichoishi ni uchaguzi wa mahali. Leo kampuni hiyo ina maduka zaidi ya 20,000, na takriban manne kati ya kila matano yako kwenye miji yenye watu 20,000 au pungufu. Walmart nayo ilianzia mji mdogo, Rogers huko Arkansas, mwaka 1962, lakini duka lake kubwa la leo linahitaji umati wa watu ili lijilipe. Duka la dola linatosheka na kijiji kimoja na njia panda. Wateja wangu wengi walikuwa wazee wasiotaka kuendesha gari nusu saa kwa ajili ya maziwa na karatasi za chooni. Walijua mjini ni rahisi zaidi, na walijua pia bei ya petroli.

3. Jengo lisikumeze.

Duka la namna hii lina mita za mraba 700 hivi. Yale makubwa ya Walmart yanalizidi zaidi ya mara ishirini. Ni boksi la bati na zege, sakafu tupu, taa za kawaida. Aghalabu hata si mali ya kampuni: mwekezaji anajenga, kampuni inapanga kwa mkataba wa miaka mingi, na mtaji unakwenda kwenye bidhaa na duka linalofuata. Baba alitumia miaka sita kujenga fremu yake kabla ya kujaza rafu.

4. Mikono michache ni faida, mpaka iwe hasara.

Hapa nina kinyongo kidogo. Zamu ya jioni tulikuwa wawili, mara nyingine mmoja. Lori likishusha mzigo, maboksi yalikaa kwenye njia za kupita kwa sababu wa kuyapanga alikuwa yuleyule anayepokea pesa. Jioni moja watu tisa wako kwenye foleni, mteja wa kumi anauliza dawa ya mafua iko wapi, nami nikakimbia kumwonyesha, nikajikwaa kwenye toroli, goti likavimba wiki nzima. Makao makuu yanaona mshahara uliookolewa. Hayaoni mteja aliyeacha kikapu sakafuni akaondoka, kwa kuwa kikapu hicho hakina risiti.

5. Maziwa huleta miguu, mapambo huleta faida.

Vitu vya kila siku, yaani vyakula, sabuni na karatasi, ndivyo sehemu kubwa kabisa ya mauzo, lakini faida yake ni nyembamba. Nguo, vyombo na mapambo ya sikukuu huuza kidogo na kubakiza zaidi. Ndiyo maana anayefuata maziwa hupitishwa kwanza kwenye mishumaa.

6. Mboga hazipendi biashara hii.

Nyanya inaoza, inahitaji mtu wa kuichambua, na mtu ndiye wanayembana. Duka la dola likifunguliwa, duka la chakula la familia jirani hupoteza sabuni na biskuti zilizokuwa zikibeba hasara ya mchicha, na baadhi hufunga kabisa. Jiji la Tulsa, Oklahoma, liliweka masharti mwaka 2018 kuzuia maduka haya yasirundikane upande wake wa kaskazini, likitaka nafasi ya wauza vyakula vibichi. Kwa haki niseme pia kwamba Dollar General imeingiza matunda na mboga kwenye maelfu ya maduka yake. Na kuna vijiji nilivyopita ambako duka kama letu lilikuwa ndilo pekee. Bila hilo kulikuwa na kituo cha mafuta tu.

7. Daftari halina nafasi kwenye mashine.

Mama mmoja alipungukiwa senti 60 kwenye maziwa ya mtoto. Mashine haikubali deni, nikazitoa mfukoni mwangu. Korogwe ningeandika jina tu.

Nilirudi mwaka 2021. Duka la baba sasa nalisimamia mimi, pamoja na tawi dogo katika kijiji kisichokuwa na duka, kwenye chumba cha kupanga. Sukari ya robo bado tunaifunga wenyewe jioni, na juu ya mizani nimeandika kwa chaki bei ya robo, na chini yake bei ya kilo.