Trela gani kwa shofa anayeanza na lori lake mwenyewe?

Mfanyakazi mwenzetu, pengine unakaribia kuacha kazi ya mgodi na unataka kutia malipo yako ya mwisho katika lori. Wengi wanaanza kwa kufikiri kichwa: marka gani, mota ya nguvu gani. Trela wanachukua ile inayopatikana kwa bei ndogo. Fahamu kwamba trela ndiyo inayoamua mzigo utakaobeba, njia utakayopita, na namna lori litakavyoanguka siku litakapoanguka.

Tazama njia kwanza. Kutoka Goma mpaka Sake ni kilomita 25 hivi, na lori linakwenda bila taabu kubwa. Baada ya Sake mambo yanabadilika. Ukipanda kwenda Masisi wakati wa mvua, trela ndefu inateleza, inalala katikati ya barabara na kufungia wengine njia. Kwa upande huo usinunue trela hata kidogo. Chukua lori fupi lisilo na kiungo. Upande wa Rutshuru kuna milima ya Kabasha, karibu na Kanyabayonga. Pale unateremka kwa gia ndogo tangu juu, maana freni zikipata moto hazishiki tena. Vita navyo vinafunga njia: mwaka 2024 vilifika hata Kanyabayonga. Basi uliza habari kabla ya kila safari, na kabla ya kukopa pesa.

Kwa anayeanza, sisi tunapendelea trela ya sakafu bapa yenye mbao za pembeni. Inabeba simenti, maharagwe, vyuma, magunia ya madini. Wewe uliyetoka mgodini unajua kwamba kasiterite ina uzito karibu mara 7 wa maji. Magunia machache yanatosha kumaliza uwezo wa trela, ingawa macho yanaona nafasi bado ipo. Yatandaze chini kwenye sakafu yote, usiyarundike nyuma.

Makala ni kinyume chake. Ni mepesi, kwa hiyo watu wanapanga magunia mpaka juu sana, na katika kona lori linalala upande. Na juu ya magunia wamekaa abiria, mama na mtoto mgongoni. Usipandishe mtu juu ya mzigo, hata akilipa, hata akiwa ndugu yako.

Benne inapendwa Goma kwa sababu mji unajengwa kila siku, na mawe ya volkano hayaishi. Lakini benne ndefu ikiinuliwa mahali palipoinama, na mchanga wenye maji ukashikamana upande mmoja, inaanguka kwa ubavu. Mtu asisimame pembeni wakati wa kumwaga. Fundi naye asiingie chini ya benne iliyoinuliwa bila nguzo ya chuma ya kuizuia.

Sasa tanki la mafuta. Malipo yake yanavutia, na hapa tunakuomba usikilize vizuri. Mafuta yaliyojaa nusu yanacheza ndani: ukipiga freni yanasukuma mbele, ukikata kona yanakimbilia upande mmoja na kuvuta lori. Tanki jema lina kuta za ndani zenye matundu za kuyatuliza, lakini hata hilo linataka shofa mzoefu. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja na bidoni na mabeseni kuchota. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa, watoto wengi kati yao. Tarehe 10 Agosti 2019 mambo kama hayo yakatokea Morogoro, Tanzania.

Kwa hiyo mama, wafundishe watoto nyumbani: lori la mafuta likianguka, wakimbie mbali upande upepo unakotoka, wasirudi kuangalia. Na wewe baba, kumbuka kwamba tanki tupu lina hatari pia. Mvuke wa mafuta unabaki ndani. Fundi akianza kuunga chuma kabla tanki halijasafishwa vizuri, linapasuka. Miaka ya kwanza acha kazi hii kwa wengine.

Trela ya kontena inafaa kama una mteja wa Mombasa au Dar es Salaam. Kontena ishikwe na kufuli zote nne za pembeni, kamba hazitoshi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sheria ya uzito ya Jumuiya inaweka mwisho wa tani 56 kwa lori, trela na mzigo pamoja.

Siku ya kununua, usiende na pesa tu, nenda na fundi wako. Lala chini ya trela utazame chuma kirefu cha mwili: rangi mpya mahali pamoja tu mara nyingi inaficha ufa uliounganishwa. Shika ule msumari mnene unaoingia katika sahani ya kichwa. Ukiwa umelika, trela inaweza kukatika njiani. Angalia matairi mpaka upande wa ndani, maana mawe ya Goma yanakata kama wembe. Mwisho, waambie wafunge trela kwenye kichwa, wapige freni, nawe usikilize kama upepo unavuja.