Kunde Ndani ya Nyasi za Malisho

Karatasi hii ni kwa ajili yako, mwenye ng'ombe wachache juu ya mchanga wa pwani, tangu Mapinga na Kerege mpaka Bagamoyo na Saadani. Wajua mwenyewe ilivyo: masika yakiisha kupita, nyasi zingali nyingi na ndefu, lakini maziwa yapungua. Ng'ombe hakosi wingi wa chakula, hukosa protini. Nyasi zilizokomaa zikiwa na protini chini ya sehemu 7 katika 100, tumbo lake hushindwa kuzisaga vema, naye hula kidogo kuliko awezavyo. Na protini hujengwa kwa naitrojeni, ambayo mchanga wetu hauna akiba yake kubwa.

Hewa tuivutayo ina naitrojeni sehemu 78 katika 100, wala nyasi haziwezi kuitwaa. Mimea ya jamii ya kunde huweza, kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walieleza jambo hilo kwa majaribio yao mwaka 1888. Usilikubali kwa maneno matupu. Chimbua mkunde unaoanza kutoa maua, suuza mizizi yake, upasue kinundu kwa ukucha. Ukiona ndani rangi ya damu hafifu, kazi inafanyika. Ukiona weupe au kijani, kinundu hicho hakikupi kitu.

Wengi hudhani kwamba kunde ikisimama karibu na nyasi huzilisha papo hapo. Sivyo. Ingali hai hutoa kidogo sana. Sehemu kubwa hupita katika majani yapukutikayo, mizizi iozayo, na mavi na mkojo wa ng'ombe aliyeila. Basi usitazamie faida kubwa mwaka wa kwanza. Na ujue ya kuwa njia hii ya mwisho ndiyo ipoteayo kwa urahisi.

Tazama habari ya Mkwaja, kaskazini ya Saadani. Tangu miaka ya 1950 hata mwaka 2000 palikuwa na ranchi kubwa hapo, na nchi ile baadaye ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mchana ng'ombe walilisha mbali, usiku wakalala mazizini na kuacha samadi huko. Wataalamu waliochunguza nchi ile ranchi ilipokwisha kufungwa waliona mazizi ya kale yana rutuba nyingi na nyasi fupi, na penginepo migunga imevamia malisho. Rutuba ilikuwa imehamishwa kwa miguu ya ng'ombe! Ndivyo lifanyavyo zizi lako, ijapokuwa una ng'ombe wanne tu. Moto nao hufanya vivyo hivyo: naitrojeni ya nyasi ziunguazo huenda na moshi, na jivu hubakiza fosforasi na madini mengine tu.

Katika malisho ya kukata, panda mlusina kwa mistari na mabingobingo katikati. Mimina maji ya moto juu ya mbegu, ziache zipoe humo hata asubuhi, kisha uzichanganye na udongo uliotwaliwa chini ya mlusina wa zamani, maana huo una vijidudu vyake. Usitegemee mlusina peke yake: tangu mwaka 1992 wadudu wadogo wanyonyao machipukizi wameuharibu Afrika ya Mashariki. Wala usimpe ng'ombe zaidi ya theluthi moja ya chakula chake, kwa kuwa una sumu kidogo. Chini ya minazi, sentrosema huvumilia kivuli. Shambani panda fiwi.

Nyasi zisiachwe kuizidi kunde kimo, zitaifunika ife. Kwa sababu hiyo samadi nyingi ipeleke kwenye mabingobingo yaliyo peke yake, maana samadi hukuza nyasi upesi kuliko kunde. Palipo na kunde weka kidogo tu, pamoja na jivu la jikoni, kwa kuwa kunde hupenda fosforasi.

Zizini tandika nyasi kavu zinywe mkojo, ambao una naitrojeni nyingi na hupotea hewani upesi. Zitoe kabla ya vuli, uzifukie mvua inapoanza. Na mbuzi wa jirani wazuiwe mwaka wa kwanza; mche wa mlusina ulioliwa ungali mchanga huchelewa sana kuchipua tena.