Somo la Nazi za Kuchorwa

Wanachama wengi wazijua kazi mbili za nazi: kukunwa na kufanywa mbata. Iko kazi ya tatu, nayo yafaa kuangaliwa katika miezi ile ambayo mikarafuu haina kitu na majamvi yamekunjwa.

Katika mji wa New Orleans, Marekani, kipo chama cha Wamarekani weusi kiitwacho Zulu, kilichoandamana kwa jina hilo mara ya kwanza mwaka 1909. Jumanne ya kabla ya Kwaresima wanachama wake hupita barabarani juu ya magari yaliyopambwa, wakiwapa watazamaji nazi. Habari za nazi hizo zaanza yapata mwaka 1910, na siku hizo zilitolewa vivi hivi, na nyuzi zake. Baadaye zilikwanguliwa na kupakwa rangi, na leo mwenye kuipata moja huitunza kama kikombe cha mashindano. Mwaka 1987 desturi ilisimama: waliopigwa na nazi za kurushwa walikwenda kushitaki, na chama hakikupata bima. Mwaka 1988 jimbo la Louisiana likatunga sheria ya kukikinga na mashitaka ya nazi zinazokabidhiwa mkononi. Nazi ya mchuzi kutungiwa sheria! Kilichoipandisha daraja ni kazi ya mchoraji.

Sasa tuingie kazini. Nazi za mbegu usiziguse. Chukua ndogo za mviringo, ambazo sokoni hazina bei, nazo ziwe zimekwisha kuwa mbata ndani ya kifuu. Itikise: ikisikika nyama inagonga na maji hayapo, yafaa. Yenye maji itachacha na kunuka nyumbani kwa mnunuzi, na mnunuzi huyo harudi. Asiye na nazi za namna hiyo na apasue, atoe nyama, achore juu ya kifuu kitupu.

Kwangua nyuzi zote kwa kisu au kigae cha chupa, kisha piga msasa. Wazee walitumia majani ya mti wenyewe wa msasa, na mpaka leo yanafanya kazi. Anika kivulini, jua kali hupasua kifuu. Usipake mafuta ya nazi ili king'ae, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Paka kwanza mkono mmoja mwepesi wa rangi nyeupe, uache siku nzima. Hapo ndipo wengi huharibu kwa haraka: rangi iliyopakwa juu ya unyevu hufanya malengelenge na kubanduka. Ikikauka, chora kwa kalamu ya risasi, tia rangi, umalizie kwa vanishi mara mbili. Kifuu kitakachotumiwa kwa chakula kisipakwe rangi ndani.

Uchore nini? Mnazi na jua linalotua mgeni amekwisha kuviona kila pwani. Tawi la karafuu, je? Majani yake huota mawili mawili yakielekeana, na kishada hukaa kwenye ncha. Anayeangua karafuu kila msimu hahitaji kufundishwa wekundu wa karafuu iliyo tayari wala jinsi makonyo yanavyogawanyika. Asiyewahi kupanda mkarafuu atakosea, na ukitazama utamjua. Nakshi za milango na pindo za kanga pia ni hazina, tuanzie humo.

Vibuyu na mawe laini hufuata njia hiyo hiyo. Makombe yenye mnyama hai yaachwe baharini.

Jambo la mwisho ni safari. Nchi nyingi hukagua mimea inayoingia, na nazi nzima huweza kuzuiwa bandarini hata ikiwa imepakwa rangi. Kwa mgeni anayesafiri, kifuu kitupu kilichokauka ndicho chenye usumbufu mdogo. Anayetaka kupeleka nazi nzima nyingi amwone kwanza Bwana Shamba juu ya cheti cha ukaguzi wa mimea, kabla hajanunua hata kopo la rangi.