SOMO: ARDHI ILIPOPATWA NA JOTO LA HARAKA

Shabaha ya somo: Mwanachama aweze kueleza jinsi ongezeko la haraka la joto la dunia lilivyobadili mimea, wadudu, wanyama na udongo katika zama za kale, na katibu aweze kuongoza majadiliano juu ya jambo hilo.

1. Habari yenyewe
Yapata miaka milioni 56 iliyopita, zamani sana kabla ya kuwako binadamu, hewa ya ukaa iliongezeka mno angani. Wataalamu wengi huitaja milipuko ya volkeno katika Atlantiki ya Kaskazini kuwa chanzo kimojawapo. Joto la dunia lilipanda kwa nyuzi 5 hadi 8 za Sentigredi katika muda wa miaka elfu chache, na hali haikutulia mpaka ilipopita miaka zaidi ya 100,000.

Ushahidi mwingi wa mambo hayo umo katika Bonde la Bighorn, jimbo la Wyoming, nchini Marekani. Huko tabaka za udongo wa kale zimepangana kama kurasa za daftari, na ndani yake mna majani na mifupa iliyogeuka mawe.

2. Mimea na wadudu
Kabla ya joto, bonde hilo lilikuwa na miti ya aina ya misonobari pamoja na miti mingine ipendayo unyevu. Joto lilipozidi, miti hiyo ilitoweka, na mahali pake pakashikwa na mimea iliyotoka kusini, mingi ikiwa ya jamii ya kunde. Joto lilipopungua, misonobari ilirudi.

Majani ya wakati wa joto yana matundu na alama nyingi zaidi za kuliwa na wadudu kuliko majani ya kabla na ya baada yake. Sababu mbili hutajwa: wadudu wa nchi za joto walienea kaskazini, na jani lililokua penye hewa ya ukaa nyingi huwa na lishe haba, hivyo mdudu hulazimika kula zaidi ili ashibe.

3. Wanyama
Farasi wa kwanza wa bonde hilo walikuwa wadogo kuliko mbuzi. Uchunguzi wa meno yao, uliotangazwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba uzito wao ulishuka kutoka kadiri ya kilo 5.6 hadi 3.9 joto lilipopanda, kisha ukafikia kilo 7 hivi baada ya hali kupoa.

4. Mvua na udongo
Joto halikuleta ukame mtupu wala mvua tupu. Katika milima ya Pirenei, nchini Hispania, mito ilitandaza kokoto na mawe juu ya uwanda mpana, dalili ya mafuriko makali ya msimu. Katika pwani ya kusini mwa Tanzania, upande wa Kilwa na Lindi, matope ya kale yaliyotolewa kwa mashine za kuchimba yanaonyesha kuwa udongo na mabaki ya mimea ya nchi kavu vilisombwa kwa wingi hadi baharini. Mvua ikinyesha kwa vishindo baada ya kiangazi kirefu, hukuta ardhi tupu na kuichukua.

5. Funzo
Viumbe vingi vya nchi kavu viliokoka, kwa kuwa vilikuwa na nafasi ya kuhama na maelfu ya miaka ya kujirekebisha. Leo hali ni tofauti. Kaboni inayotolewa na binadamu kila mwaka inakadiriwa kuwa yapata mara 10 ya ile iliyotolewa kwa mwaka wakati ule. Tena, msitu waweza kuhama polepole, lakini shamba la mkulima halihami. Kwa hiyo, kuzuia udongo usisombwe kwa matuta na miti, kuchanganya mazao, na kuweka kumbukumbu za mvua na za wadudu ni kazi za chama kizima, si za mkulima mmoja peke yake.

Maswali ya kujadili
(a) Kwa nini wadudu walikula majani zaidi wakati wa joto?
(b) Mvua ya vishindo hudhuru vipi shamba lisilo na matuta?
(c) Je, chama chenu kina daftari la mvua? Kama hakina, nani atalianzisha, na lini?