Maktaba ya Utafiti wa Chai: Jinsi Swali la Mkulima Linavyopata Jibu

Mkulima wa chai wa Litein au Mogogosiek, atokapo asubuhi na kikapu chake mgongoni, huijua kila safu ya shamba lake kama azijuavyo nyuso za watoto wake. Basi tuseme mkulima huyo aona michai minne imegeuka rangi ya manjano, kisha imekauka. Mwaka wa pili imekufa tisa. Jirani wa kwanza amwambia kwamba ni mvua ya mawe. Wa pili asema ni mbolea mbaya. Wa tatu amshauri aing'oe na kupanda mingine pale pale. Mkulima afuata shauri la tatu, nayo miche mipya yafa vile vile. Hapo amepoteza fedha ya miche na kazi ya mikono yake, na zaidi ya hayo amepoteza miaka, maana mche wa chai hauchumwi sawasawa mara tu upandwapo.

La kusikitisha ni kwamba majibu ya shida kama hiyo yaliandikwa zamani, nayo yamehifadhiwa. Katika somo hili tutaeleza mahali yanapowekwa, kazi ya watunzaji wake, na mafunzo yatolewayo ili mtu ajue kuyatafuta.

Maktaba ya utafiti ni kitu gani?

Watu wengi wasikiapo neno "maktaba" hudhani ni chumba cha wanafunzi kusomea hadithi au kujitayarishia mtihani. Maktaba hizo ni njema na zina kazi yake. Maktaba ya utafiti ni ya namna nyingine. Ndani yake mna taarifa za majaribio yaliyofanywa mashambani: ni mbolea gani iliyotiwa, kwa kadiri gani, mwaka gani, na mavuno yalikuwaje. Mna majarida ya wataalamu, ramani za udongo, hesabu za mvua na taarifa za kila mwaka. Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba ya utafiti ndiyo daftari ya elimu ya shamba.

Nchi ya Kericho ina daftari hiyo. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai huko katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1951 ikaanzishwa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Kericho na kazi yake ilikuwa kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilibidi kila nchi ijipange upya, na mwaka 1980 Kenya ikaunda shirika lake yenyewe la utafiti wa chai. Kwa sheria ya mwaka 2013 kazi hiyo iliingizwa katika Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, yaani KALRO. Jina limebadilika mara kadhaa, lakini mahali ni pale pale Timbilil, na maandishi ya miaka iliyopita yana faida leo kama siku yalipoandikwa.

Tena Kericho haikusoma peke yake. Kituo cha Tocklai katika Assam, nchini India, kilianza mwaka 1911. Taasisi ya chai ya Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, ilianza mwaka 1925. Malawi nayo imefanya majaribio ya chai kwa miaka mingi. Vituo hivi huchapisha wanayoyaona wataalamu wake, na kwa hiyo hasara iliyompata mtu mmoja katika Assam yaweza kuwa onyo kwa mtu wa Bomet, ikiwa tu yuko mtu wa kulipokea onyo hilo na kulihifadhi.

Safari ya swali moja

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Tuseme amemwendea Bwana Shamba, naye amelipeleka swali lake maktabani. Akiandika, "Chai inakufa, nifanye nini?" hatasaidiwa upesi, maana chai hufa kwa sababu nyingi. Mtunza maktaba aijuaye kazi yake hatakimbilia kabatini. Atauliza kwanza: Michai ina umri gani? Imekufa mmoja mmoja hapa na pale, au kwa kundi mahali pamoja? Mizizi ikichimbuliwa yaonekanaje? Na swali lililo kubwa kupita yote: mahali hapo palikuwa na nini kabla ya chai kupandwa?

Tuseme mkulima ajibu, "Palikuwa na mti mkubwa wa msituni. Tuliukata, kisiki kikabaki ardhini." Kisha aongeza kwamba gome la shina la mchai limepasuka karibu na ardhi, na chini ya gome mna utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Hapo mtunza maktaba ana neno la kutafuta, nalo ni Armillaria. Hiyo ni kuvu ikaayo katika mizizi ya miti ya msituni. Mti ukikatwa, mizizi yake hubaki imejaa wanga, na wanga huo ni chakula cha kuvu. Ikisha kupata nguvu huenea mpaka mizizi ya michai iliyo karibu na kuiua.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja, R. Leach, aliyekuwa akifanya kazi Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alieleza jinsi ya kuizuia. Mti usikatwe mara moja. Kwanza uondolewe ukanda wa gome kulizunguka shina lote. Maji huendelea kupanda ndani ya mti, lakini chakula kitengenezwacho na majani hakiwezi tena kushuka mizizini. Mizizi hula akiba yake mpaka ikaisha, na mti hufa polepole. Ukisha kufa ndipo ukatwe, na kuvu haitapata karamu ardhini. Ikiwa mti umekwisha kukatwa na ugonjwa umekwisha kuingia, hapana budi kuichimbua michai iliyougua pamoja na kisiki na mizizi yote, na kuichoma moto. Kupanda mche mpya juu ya mizizi ile ni kuilisha kuvu.

Lakini tuseme mkulima angejibu vingine: "Palikuwa na nyumba ya babu yangu, na boma la ng'ombe." Hapo kabati lifunguliwalo si lile la kwanza. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na kwa kipimo kiitwacho pH hustawi baina ya 4.5 na 5.6. Mahali palipokuwa na nyumba au boma, jivu la jiko na samadi ya miaka mingi huipunguza asidi hiyo, na mchai hudumaa, hugeuka manjano na kufa. Jambo hili lajulikana sana katika mashamba ya Kericho, nayo maandishi yaeleza kwamba udongo upimwe kwanza, kisha urudishiwe asidi kwa dawa kama salfa, kwa kadiri itakayoonyeshwa na kipimo.

Mwenye kuyaona majani ya manjano peke yake aweza kuyachanganya magonjwa haya mawili. Tiba zake hazifanani hata kidogo: mmoja wataka jembe na moto, na mwingine wataka kipimo cha udongo na salfa. Mwenye kufanya la huyu kwa shida ya yule atapoteza fedha na mchai pia. Ndiyo maana twasema kwamba kazi ya kwanza ya maktaba ni kulinyoosha swali, na kazi ya kutoa kitabu yaja baadaye.

Huduma zitolewazo

Maktaba za utafiti hutoa huduma nyingi, na zilizo kubwa ni hizi:

1. Kusomea ndani. Taarifa nyingi haziazimwi, kwa kuwa nakala ni chache, lakini msomaji hupewa mahali pa kukaa na kunakili.

2. Kutafutiwa. Aletaye swali hupewa orodha ya maandishi yanayohusu jambo lake.

3. Nakala. Kurasa chache zaweza kutolewa nakala kwa malipo, kwa kufuata sheria ya haki za waandishi.

4. Kuazimana. Kitabu kisichokuwapo chaweza kuombwa katika maktaba nyingine, hata iliyo nchi ya mbali.

5. Majarida kwa njia ya intaneti. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha mpango uitwao AGORA. Kwa mpango huo taasisi za nchi zisizo na mali nyingi husoma majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu.

Saa na masharti si sawa kila mahali. Yafaa kuandika au kupiga simu kabla ya kufunga safari.

Mafunzo kwa wasomaji

Kabati lililojaa halimfai mtu asiyejua kutafuta. Kwa hiyo maktaba hizi pia huwafundisha watafiti wapya, wanafunzi na maofisa wa kilimo. Mafunzo hayo yana sehemu nne.

Kwanza ni kuchagua maneno. Mtu atafutaye "chai" tu atapata maelfu ya maandishi juu ya biashara, mapishi na afya. Akilitumia jina la mmea, Camellia sinensis, pamoja na neno la shida yake, kama "mizizi" au "asidi", maandishi yatapungua mpaka yasomeke.

Pili ni kutumia fahirisi na muhtasari. Shirika la CABI, lenye ofisi Nairobi, hukusanya muhtasari wa maandishi ya kilimo ya dunia nzima. Kwa kusoma mistari michache mtu hujua kama habari yenyewe yamfaa au haimfai.

Tatu ni kuyapima maandishi. Jaribio lilifanywa wapi, mwaka gani, na kwa vipande vingapi vya shamba? Je, kilikuwapo kipande kisichotiwa kitu, cha kulinganishia? Katika Assam michai hupumzika miezi ya baridi, lakini Kericho, iliyo karibu na ikweta, huchumwa mwaka mzima. Basi kadiri ya mbolea iliyofaa Assam haiwezi kuchukuliwa hivi hivi ikatiwa Kericho.

Nne ni kuandika chanzo: jina la mwandishi, mwaka, jarida na ukurasa. Kufanya hivyo ni heshima kwa aliyefanya kazi, tena humwezesha mwingine kurudi pale pale na kuhakikisha.

Mkulima wa kawaida afanye nini?

Huenda msomaji akasema, "Mambo haya ni ya wasomi, na mengi yameandikwa kwa Kiingereza." Ni kweli, lakini asikate tamaa. Bwana Shamba, ofisa wa kiwanda kinachopokea majani yako, au kijana wako asomaye Chuo Kikuu cha Kabianga, kila mmoja aweza kuwa mjumbe wako. Kazi yako ni kumpa swali lililotengenezwa vizuri. Andika mahali shamba lilipo, umri wa michai, shida ilianza lini, yaendeleaje, umetia mbolea gani, na mahali hapo palikuwa na nini zamani. Habari hiyo ya mwisho hakuna mtaalamu aijuaye kukupita wewe na wazee wako.

Tena, ukipata jibu na kulitumia, rudisha habari. Kama limefaa, sema. Kama halikufaa, sema pia. Mambo mengi yaliyomo katika taarifa zile yalianza kwa mtu kuona jambo shambani mwake na kulieleza kwa ukweli, na mkulima wa Konoin anyamazaye juu ya hasara yake amemwachia jirani yake hasara ile ile.

Maswali ya kujipima

1. Maktaba ya utafiti yatofautianaje na maktaba ya kawaida?
2. Kwa nini mti wa msituni uondolewe ukanda wa gome kabla ya kukatwa?
3. Ni swali gani lililotenga ugonjwa wa kuvu na ubovu wa udongo, na kwa nini?
4. Fikiri shida moja ya shamba lako. Iandike kwa mistari sita, kisha mpe Bwana Shamba akutafutie jibu.